Tanzania: Kwa nini mwenye majivuno hupata tabu Monduli

Monduli, mkoani Arusha, ndipo kilipo chuo ambako Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) huwaandaa maafisa wake, wakiwemo pia vijana wanaotoka katika nchi rafiki. Wengi wetu hukifahamu kwa siku moja tu, ile ya gwaride, ambapo Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, huwatunuku wahitimu kamisheni kwa cheo cha Luteni Usu. Siku za mwanzo hazionekani, nazo ndizo humwelemea kijana aliyefika akijiona tayari ni afisa.

Kijana wa namna hiyo hakosekani katika chuo chochote cha kijeshi. Pengine ana shahada, pengine alikuwa kinara wa michezo shuleni, pengine ni mtoto wa mkubwa. Akifika hunyolewa nywele, huvishwa sare ileile ya wenzake na huitwa afisa mwanafunzi kama wao. Akiulizwa swali hutoa hotuba, ilhali jibu linalotakiwa ni "Ndiyo, afande". Akimaliza mbio wa kwanza hutazamia sifa, kumbe mkufunzi anamsubiri yule wa mwisho, kwa kuwa kikosi hakijafika mpaka wote wafike.

Ukali huo una sababu. Luteni Usu kwa kawaida hukabidhiwa platuni, yaani askari wapatao 30, na baadhi yao humzidi umri na uzoefu. Afisa asiyekubali kusahihishwa hatamsikiliza sajenti anayemwonya, na vitani kosa hilo hulipwa kwa roho za watu.

Tanzania inajua gharama ya ufa kati ya maafisa na askari. Tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, jijini Dar es Salaam. Walidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Jeshi hilo lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo JWTZ likaanzishwa.

Hii haina maana kwamba usomi haupokewi jeshini. Rais mstaafu Jakaya Kikwete, aliyehitimu uchumi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, aliwahi kuwa mkufunzi Monduli, na alistaafu jeshi mwaka 1992 akiwa Luteni Kanali.

Hata hivyo, kumnyoosha mtu si kumdhalilisha. Adhabu ya haki hutolewa hadharani, ina kipimo, na humpata mtoto wa waziri sawasawa na mtoto wa mkulima. Uonevu hufanywa gizani, na anayevunjwa utu wake leo aweza kesho kuwatendea vivyo hivyo askari atakaopewa.

Mzazi anayemwandaa mwanawe kwa safari hiyo asimfundishe kujidharau, kwani afisa asiyejiamini hawezi kutoa amri. Amzoeze kuomba msaada na kupokea maonyo bila kununa. Wakufunzi watajua kwamba amebadilika siku atakapomaliza mbio, kisha, bila kuamriwa, akarudi nyuma kumpokea mzigo mwenzake aliyechoka.