Enchanted Highway

Enchanted Highway (jina linaloweza kutafsiriwa "Barabara ya Maajabu") ni barabara yenye urefu wa kilomita 51 hivi katika jimbo la North Dakota, nchini Marekani. Inajulikana kwa sanamu kubwa za chuma, nyingi za wanyama, zilizosimamishwa kando yake. Inaanzia kwenye barabara kuu ya Interstate 94, karibu na mji wa Gladstone, na kwenda kusini hadi mji mdogo wa Regent.

Sanamu hizo ni kazi ya Gary Greff, mwalimu wa zamani na mwenyeji wa Regent. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliona mji wake ukizidi kupoteza watu, kama miji mingine mingi ya wakulima wa ngano katika mbuga zile. Magari yalipita Interstate 94, lakini hakuna aliyekuwa na sababu ya kukata kona kwenda Regent. Greff aliamua kuwapa madereva sababu hiyo. Hakuwa amesomea sanaa wala kazi ya kuchomelea vyuma; alijifunza humohumo kazini. Wakulima walimruhusu kutumia sehemu za mashamba yao.

Malighafi haikuwa mbali. Magharibi mwa North Dakota kuna visima vingi vya mafuta, na matangi na mabomba yaliyokwisha kutumika yalipatikana kwa urahisi.

Sanamu ya kwanza, ya mwaka 1991, inaonyesha familia ya wakulima. Baadaye walifuata wanyama wanaofahamika kwa wenyeji: fezanti, ndege wa jamii ya kuku wanaovutia wawindaji wengi Regent (1996), panzi, ambao ni adui wa kila mkulima wa ngano (1999), kulungu (2002) na samaki aina ya trauti anayeruka juu ya maji (2007). Panzi mkubwa ana kimo cha mita 12 hivi, kwa hiyo anayesimama chini yake huonekana kama mdudu.

Maarufu kuliko zote ni Geese in Flight ya mwaka 2001, inayoonyesha mabata-bukini wakiruka mbele ya jua. Ina kimo cha mita 33 hivi na uzito wa zaidi ya tani 70. Guinness World Records iliitambua kuwa sanamu kubwa kuliko zote duniani iliyotengenezwa kwa vyuma chakavu.

Wageni walikuja, lakini kuwafanya watu wahamie Regent ni jambo lingine. Mji ulikuwa na wakazi 211 mwaka 2000, na 160 tu mwaka 2010. Shule yake ilifungwa, na mwaka 2012 Greff alifungua hoteli yenye umbo la ngome katika jengo hilo, ili wasafiri wapate pa kulala badala ya kupiga picha na kuondoka. Rangi ya sanamu huharibiwa na upepo, jua na theluji, hivyo zinahitaji kupakwa upya kila baada ya muda, kazi ambayo kwa miaka mingi Greff ameifanya kwa kutegemea michango.