Homa ya Mwisho wa Juma: Mwana wa Zegereni Alipougua Malaria Ughaibuni

Nilikuwa katika mwaka wa pili wa masomo ya uzamili mjini Bergen, nchini Norwei, nilipopigiwa simu usiku kwamba bibi yangu mzaa mama amefariki dunia huko Zegereni, Kibaha. Chuo kiliniruhusu siku kumi. Mazishi niliyakosa, bali matanga niliyawahi.

Yalikuwa majira ya masika. Kama ilivyo desturi yetu, wanaume tulilala nje, mikekani, chini ya turubai, tukizungumza na waombolezaji hadi usiku wa manane. Chandarua nilichotengewa ndani nilimwachia shangazi aliyekuja na watoto wadogo. Dawa ya kinga wanayomeza wasafiri sikuwa nimeitia hata mkobani. Nilikuwa daktari, na miongozo niliijua. Ila moyoni nilijiambia kwamba mtoto aliyekulia Zegereni, aliyeugua malaria mara zisizohesabika na kupona, hana haja na dawa za watalii.

Siku ya tano baada ya kurejea Bergen ilikuwa Ijumaa. Marafiki zangu, wakitaka kunifariji, walinichukua kwenda kupumzika mwisho wa juma katika nyumba ndogo ya mbao milimani, upande wa Voss. Tulikuwa watano: mwenyeji wetu Mnorwei, Mghana mmoja, Mnepali mmoja, dada mmoja muuguzi kutoka Ethiopia, na mimi. Gari tuliliacha bondeni, tukapanda kwa miguu katika theluji iliyokuwa bado haijayeyuka. Usiku ule tulikoka moto, tukapika pamoja, kila mmoja akasimulia namna kwao wanavyozika wazee wao. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, nilicheka.

Usiku wa manane nikaanza kutetemeka. Nikadhani ni baridi. Jumamosi kichwa kiliuma, viungo vikauma, tumbo likaharibika. Wanafunzi wengi chuoni walikuwa na mafua makali wiki ile, nami nikajihesabu miongoni mwao. Nilimeza parasetamoli, nikajifunika blanketi mbili, nikawaomba wenzangu waendelee na matembezi yao.

Jumapili alfajiri yule dada Mwethiopia aliniletea chai. Akanitazama macho, akayaona yameanza kuwa ya manjano. Akaniuliza swali moja tu: “Daktari, umetoka nyumbani lini?”

Swali hilo ndilo lililoniokoa. Walinishusha mlimani wakinishikilia kwapani, kisha tukafululiza hadi hospitali Bergen. Mlangoni, kabla sijaulizwa jina, dada yule alitangulia kusema: “Ametoka Tanzania siku saba zilizopita. Ana homa. Mpimeni malaria sasa hivi.” Hadubini ilionyesha vimelea vya falsiparamu, na figo zangu zilikuwa zimeanza kulemewa. Nilichomwa sindano za atesunati, kisha nikamaliza dozi kamili ya dawa mseto ya vidonge, ile ile tunayoitoa katika zahanati zetu.

Nikiwa kitandani nilikumbuka jambo lililonitia haya. Ubora wa sindano ile kwa watoto wa Afrika ulithibitishwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2010, ulioshirikisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa, wakiwamo watoto wa Muheza na Korogwe. Waliopewa atesunati walifariki wachache zaidi, kwa asilimia 22.5, kuliko waliopewa kwinini. Watoto wa nchi yangu walikuwa wamechangia kupatikana kwa maarifa yaliyoniponya, ilhali mimi nimeyapuuza yale niliyokwisha kufundishwa.

Ndugu msomaji, kosa langu lilikuwa nini? Anayekulia penye malaria hujijengea kinga ya kiasi. Kinga hiyo haizuii kuambukizwa. Hupunguza tu ukali wa ugonjwa. Nayo hudumu kwa kuumwa na mbu wenye vimelea mara kwa mara. Ukiishi miaka kadhaa mahali pasipo na malaria, hupungua. Haitoweki yote, lakini hutajua imebaki kiasi gani. Ndiyo maana katika nchi kama Uingereza, wengi wa wanaougua malaria ya safarini si watalii wa mbugani, bali ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwatazama jamaa zao. Tunarudi nyumbani kwa moyo wa mwenyeji na mwili wa mgeni.

Kwa mwanafunzi aliye ughaibuni: kabla ya kuja likizo au msibani, muone daktari upate dawa ya kinga inayokufaa, nawe uendelee kuimeza kwa siku zote ulizoelekezwa hata baada ya kuondoka, maana vimelea vyaweza kuwa bado mwilini. Dalili huanza mara nyingi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya kuumwa na mbu, lakini zaweza kuchelewa kwa wiki au hata miezi. Ukipata homa, usingoje Jumatatu. Nenda siku hiyo hiyo, na neno lako la kwanza liwe: “Nimetoka penye malaria.”

Kwa jamaa wanaompokea: mgeni wenu asione haya kulala chandaruani, hata kwenye matanga. Turubai la msiba nalo laweza kufungiwa vyandarua. Kumheshimu marehemu hakutudai damu yetu.

Kwa wahudumu wa afya wenzangu: mgonjwa mwenye homa muulizeni anaishi wapi, siyo kwao ni wapi tu. Kijana anayezungumza Kizaramo safi na kuijua kila njia ya Kibaha na Kisarawe aweza kuwa ameishi ng’ambo miaka mitano. Mpimeni mapema, na msimruhusu aende zake bila kumweleza dalili za hatari: kutapika kila kitu, kuchanganyikiwa, macho ya manjano, mkojo mweusi au kupumua kwa shida. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha vimelea na homa ikaendelea, rudieni kupima siku zinazofuata, huku mkitafuta vyanzo vingine vya homa.

Sasa nimekwisha rejea nchini, na Zegereni imejaa viwanda kuliko nilivyoiacha. Mwenyeji wetu wa Voss bado hunialika mlimani, akidai kwamba ule mwisho wa juma tulikatisha na mimi nina deni. Dada Mwethiopia hutuma salamu kila masika, na salamu zake ni swali lile lile: umetoka nyumbani lini? Nami swali hilo nimelifanya la kwanza kwa kila mgonjwa mwenye homa anayekaa mbele yangu.