Wimbo ukifungiwa, tuulize nani amefunga na kwa sheria gani

Mwezi wa Machi mwaka 2017, msanii wa Tanzania Nay wa Mitego alikamatwa na polisi mkoani Morogoro. Siku chache kabla ya hapo alikuwa ametoa wimbo wa rap uitwao "Wapo", ambao ndani yake aliwasema wakubwa na kuhoji kama uhuru wa kusema bado upo nchini. Polisi walisema wimbo huo una maneno ya kuikashifu serikali. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, nalo likatangaza kuwa wimbo umefungiwa, usipigwe redioni wala kwingineko.

Kabla watu hawajamaliza kulizungumza jambo hilo, upepo ukageuka. Waziri wa Habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliwaambia waandishi wa habari kuwa Rais John Magufuli ameusikia wimbo, ameupenda, na ameagiza msanii aachiliwe na wimbo upigwe. Rais alimshauri hata auongeze, awaguse na wakwepa kodi na wauza dawa za kulevya.

Wengi walishangilia. Mimi nadhani hapo ndipo pa kusimama tufikiri. Wimbo uleule, maneno yaleyale, asubuhi ni kosa na jioni ni halali. Kilichobadilika ni kuwa mtu mmoja ameupenda. Je, asingeupenda? Mtu anayetolewa kwa hisani ya mkubwa amesaidiwa, lakini hajapewa haki, kwa kuwa hisani hutegemea ameamkaje mwenye kuitoa.

Kisa hicho ni cha ng'ambo ya mpaka, lakini kinatuhusu. Nyimbo za Bongo ndizo zipigwazo kwenye matatu zetu na maharusini kwetu, kutoka Vanga hadi Lamu. Na mjadala huohuo wa nani aseme nini upo hapa Kenya.

Baraza linapata wapi nguvu?

BASATA liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Kazi yake ni kukuza sanaa na pia kuisimamia. Msanii hutakiwa ajisajili kwalo. Hapo ndipo penye nguvu zake, maana asiyekuwa na kibali hana jukwaa, na asiyekuwa na jukwaa hana mkate.

Kwa hiyo baraza likitaka kumnyamazisha mtu lina njia zaidi ya moja. Laweza kuufungia wimbo, vituo vya redio na televisheni vikaacha kuupiga kwa kuchelea leseni zao. Laweza pia kumfungia msanii mwenyewe asipande jukwaani. Hii ya pili ndiyo inayouma zaidi. Wimbo uliofungiwa bado watu watautafuta kwenye simu, pengine kwa hamu zaidi kwa sababu umekatazwa. Msanii aliyefungiwa hukosa kodi ya nyumba.

Novemba 2018 BASATA liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa madai ya lugha chafu. Walipoendelea kuuimba jukwaani, Desemba wakafungiwa wao wenyewe kufanya maonyesho. Wakaomba radhi, na mwezi uliofuata wakafunguliwa. Hao ni wasanii wakubwa, wenye mameneja na mawakili. Kijana anayerekodi chumbani kwa rafiki yake hawezi kuuhimili mwezi mmoja kama huo.

Ndiyo maana madhara makubwa ya udhibiti hayaonekani. Tunaihesabu nyimbo iliyofungiwa, lakini ile ambayo mwenyewe aliichana kabla ya kuingia studio hatuihesabu. Mtu akishaona mwenzake amenyolewa, yeye hutia maji.

Hoja ya maadili ina uzito

Sasa tuseme kweli. Sisi watu wa Pwani hatuna haki ya kuidharau hoja ya maadili. Mzazi aliyepanda matatu na binti yake wa miaka kumi, akasikia maneno ambayo hawezi hata kuyarudia mbele ya mumewe, hasira yake ni ya haki. Si ushamba, na mtu asimwambie kuwa anapinga uhuru.

Mwaka 2019 hapa Kenya, Ezekiel Mutua, aliyekuwa mkuu wa Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB), aliupiga marufuku wimbo "Takataka" wa Alvindo, kwa kuwa ulimdhalilisha mwanamke. Mwaka huohuo alisema "Wamlambez" na "Tetema" zisipigwe nje ya vilabu na baa. Wazazi wengi, na mashekhe na mapadri pia, walimuunga mkono. Siwalaumu.

Tatizo ni kwamba muhuri ni mmoja. Baraza lililoufungia "Mwanza" kwa uchafu ndilo lililoufungia "Wapo" kwa siasa. Ukimpa mtu panga afyeke magugu bila kumwekea mpaka wa shamba, usishangae ukikuta na mnazi umeangushwa.

Mtazame msanii Roma Mkatoliki. Aprili 2017 yeye na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio moja jijini Dar es Salaam, wakaonekana tena siku kadhaa baadaye wakiwa na majeraha. Roma alikuwa akijulikana kwa mashairi makali ya kisiasa. Mwaka uliofuata, serikali ilimfungia miezi sita kwa ajili ya wimbo wake "Kibamia", na safari hii sababu ilikuwa maadili. Huenda wimbo ule ulistahili kukemewa. Lakini msikilizaji wa kawaida atajuaje kama anayeadhibiwa ni mwimbaji wa matusi au ni msema kweli aliyepatikana na kisingizio? Hawezi kujua, na hapo hata kazi halali ya kulinda maadili hupoteza heshima yake.

Sheria ya Kenya yasemaje?

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na imetaja kwa jina uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Si katiba nyingi zinazotaja hivyo. Maana yake mshairi, mchoraji na mwana rap wamekumbukwa waziwazi.

Ibara hiyohiyo imeweka mipaka. Uhuru huo hauingii kwenye propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, wala kuwachochea watu dhidi ya kabila au kundi fulani. Pia umtakao haki yako, ujue mwenzako naye ana heshima yake, na lazima uihifadhi. Sisi tulioyaona ya 2007 na 2008 hatuhitaji kufundishwa kwa nini mipaka hiyo ipo.

Angalia lakini kitu ambacho hakimo kwenye orodha hiyo: kumkosoa kiongozi. Kumuudhi gavana si uchochezi. Kumwambia mbunge amelala si chuki ya kikabila. Na ibara ya 24 inasema haki ikitaka kupunguzwa ni lazima iwe kwa sheria, na kwa kiasi kinachokubalika katika jamii huru. Tangazo la afisa kwenye mtandao halitoshi.

Hapa ndipo penye utata wa marufuku za 2019. KFCB hufanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, ambayo mizizi yake ni ya kabla ya uhuru. Jina lake linajieleza: ni ya filamu na michezo ya kuigiza. Kama afisa anataka kusimamia nyimbo, kwanza atuonyeshe ni kifungu gani kilichompa kazi hiyo.

Njia nyingine zipo, tena zimewahi kutumika. Mwaka 2012 wanamuziki watatu walifikishwa kortini kwa nyimbo zilizodaiwa kuchochea chuki za kikabila. Ukikubali au ukikataa mashtaka yale, utaratibu ulikuwa wazi: kuna kosa lililotajwa kwenye sheria, kuna ushahidi, kuna wakili, kuna hakimu, kuna rufaa. Na kwa mtu anayeona amechafuliwa jina, mlango ni wa kesi ya madai. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2017 kuwa kumfunga mtu jela kwa kosa la kukashifu ni kinyume cha Katiba. King Kaka alipotoa "Wajinga Nyinyi" Desemba 2019 akiwakosoa wanasiasa na wapiga kura wenyewe, gavana aliyetajwa humo aliwatumia mawakili kudai aombwe radhi. Nchi iliendelea, na wimbo uliendelea kusikilizwa.

Hata hivyo tusijidanganye kuwa karatasi inatosha. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walizuiwa kuigiza mchezo wao "Echoes of War" kwenye tamasha la drama. Mahakama ikaamuru waruhusiwe. Walipofika Nakuru, polisi walirusha vitoa machozi, na wanafunzi wale wakaondoka bila ya kuigiza. Haki ilikuwa upande wao, amri ya korti ilikuwa mkononi, na bado hawakupata jukwaa.

Sisi si wageni wa jambo hili

Wako wanaodhani maneno makali kwa watawala yameletwa na vijana wa rap kutoka Marekani. Historia ya Mombasa inawakanusha. Muyaka bin Haji, zaidi ya miaka mia na themanini iliyopita, alitunga mashairi ya vita na ya siasa, akawapiga vijembe maadui wa Mazrui bila ya woga. Lamu miaka ya 1970 ilikuwa na mashairi ya uchaguzi yaliyoitwa Kimondo, yakirekodiwa kwenye kanda na kupitishwa nyumba kwa nyumba. Watu waliyasikiliza, waliyajibu kwa mashairi, waliudhika, wakacheka.

Na tuna aliyelipa gharama. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, mwaka 1968 aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?" Alikuwa na umri wa miaka 22. Alifungwa miaka mitatu. Humo gerezani alitunga mashairi kwa siri, na yalipotoka mwaka 1973 yakawa kitabu "Sauti ya Dhiki". Mwaka uliofuata kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Leo swali lake la Twendapi halimtishi mtu, na wanafunzi wanalisoma darasani. Jela haikuliondoa swali lile. Ilimla mtu miaka yake ya ujana, basi.

Hao vijana wetu wa leo, tangu Ukoo Flani walioanzia Mombasa hadi Kaa la Moto, wameirithi ndimi hiyo. Biti imebadilika, lakini kina, mizani na fumbo ni zetu. Mwana taarabu alificha mkuki ndani ya ua la asumini. Mwana rap anauonyesha mkuki wenyewe. Hiyo ni tofauti ya mtindo, na mtindo waweza kuupenda au kuuchukia. Si sababu ya kumpeleka mtu kituoni.

Maswali manne ya kuuliza

Mara nyingine ukisikia wimbo umefungiwa, kabla hujashangilia au hujalaani, jiulize haya.

Kwanza, ni nani aliyefunga, na sheria gani imempa kazi hiyo? Pili, kosa ni nini hasa: ni matusi, ni uchochezi, au ni mkubwa aliyeguswa? Haya ni mambo matatu mbalimbali na yasitiwe chungu kimoja. Tatu, msanii alisikilizwa kabla ya hukumu, na ana pa kukata rufaa? Nne, adhabu inalingana na kosa? Wimbo wa vilabuni unaweza kuzuiwa usipigwe kwenye matatu ya watoto wa shule au redioni mchana, bila ya kumnyima mtu riziki yake yote.

Maswali haya yanamfaa mzazi kama yanavyomfaa msanii. Mzazi anayetaka matatu safi anahitaji sheria iliyo wazi, anayoweza kumshika nayo utingo na mwenye gari, na si tangazo la leo linalosahaulika kesho. Msanii naye anahitaji kujua mpaka uko wapi, ili akiuvuka ajue ameuvuka, na asipouvuka alale usingizi.

Kwa wale wanaosema "serikali ifungie tu, sisi hatuuimbi upuuzi", nawakumbusha kuwa mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Leo umefungiwa wimbo usioupenda. Kesho atatokea afisa asiyependa kaswida yako, au hotuba ya imamu wako, au shairi la babu yako kuhusu ardhi. Nawe utataka kumuuliza kwa sheria gani. Ni vyema swali hilo tuanze kulizoea sasa, wakati bado anaulizwa kwa niaba ya mwingine.