Kiatu chenye manyoya pande mbili: Mwanafunzi wa mitindo Meru na Embu atoe wapi wazo?

MASIMULIZI ya asili ya Wameru yanaeleza kwamba zamani jamii hiyo iliishi utumwani katika mahali paitwapo Mbwaa, karibu na bahari. Watawala wao walijulikana kwa mavazi yao: waliitwa Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu. Miongoni mwa majaribu waliyowatwika Wameru ni kuwataka watengeneze kiatu chenye manyoya juu na chini. Baada ya kushauriana, wazee walikata ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya fahali, ambayo ina manyoya pande zote mbili, na kiatu kikapatikana.

Wanahistoria wangali wanajadiliana kuhusu mahali ilipokuwa Mbwaa, na mjadala huo si wa leo. Lakini kwa kijana anayesomea ubunifu wa mavazi katika vyuo vya Meru au Embu, kisa hiki kina uzito wa aina nyingine. Ndani yake mna agizo gumu, malighafi iliyoko karibu, na jibu lililopatikana kwa kuijua malighafi hiyo barabara.

Hivyo ndivyo mradi wa mwanafunzi wa mitindo unavyopaswa kwenda. Mwanafunzi huanza kwa kuchagua chanzo cha wazo lake, akakusanya picha, rangi na vipande vya vitambaa kwenye ubao mmoja. Kisha huchora michoro kadhaa na kuchagua mmoja au miwili, akatayarisha paterni za karatasi na kushona vazi la majaribio. Vazi hili aghalabu hushonwa kwa marikani, kitambaa ambacho jina lake lingali linakumbusha kwamba kiliingia Afrika Mashariki kutoka Marekani katika karne ya 19. Kasoro zikisharekebishwa kwenye marikani ndipo kitambaa chenyewe hukatwa. Wenye haraka huiruka hatua hiyo ili kuokoa fedha, wakajikuta wameharibu mita tatu za kitambaa ghali kwa kosa la bega moja.

Mshono hufundishika, na makosa yake huonekana kwa macho. Ugumu zaidi uko katika hatua ya kwanza, pale mwanafunzi anapoulizwa: wazo hili umelitoa wapi?

Jibu la wengi ni "Afrika", na wakitakiwa kufafanua hutoa kitenge. Hakuna ubaya wowote kushona kitenge. Hata hivyo, ni vyema mwanafunzi ajue kwamba kitambaa hicho kilitokana na ufundi wa batiki wa kisiwa cha Java, ambao Waholanzi waliuiga kwa mashine katika karne ya 19 na kuuza bidhaa yake Afrika Magharibi. Kampuni ya Vlisco, ambayo vitambaa vyake vinaigwa hadi leo, ilianzishwa mjini Helmond mwaka 1846. Kitenge kimekuwa cha Waafrika kwa kuvaliwa nao, lakini hakimwelezi mtahini lolote kuhusu Runyenjes wala Maua.

Chanzo kilicho karibu zaidi kimo katikati ya mji wa Meru. Jumba la makumbusho la mji huo lilifunguliwa mwaka 1974 katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wakati wa ukoloni, na humo mna vifaa vya utamaduni wa Wameru. Mwenye nauli ya kufika Nairobi atapata hazina nyingine katika Makumbusho ya Taifa: picha alizochora Joy Adamson. Ulimwengu unamkumbuka mama huyo kwa simba wake Elsa, ambaye kaburi lake limo katika Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao, wakiwemo Wameru. Nyingi za picha hizo zilitokea katika kitabu chake cha The Peoples of Kenya cha mwaka 1967. Ni jicho la mgeni, na waliochorwa walikuwa wamevalia kwa ajili ya kuchorwa. Msomaji azitazame akijua hivyo.

Kabla ya nguo za pamba kuenea, wakazi wa sehemu hizi walivaa ngozi za mbuzi, kondoo na ng'ombe. Ngozi ililainishwa na kupakwa mafuta ya nyonyo na ngeu, ule udongo mwekundu, kisha ikapambwa kwa shanga au kauri zilizosafiri kutoka pwani kwa njia ya biashara. Mwanafunzi mwingi wa kuiga huchukua rangi ya ngozi na kauri, basi. Ndiyo maana katika sherehe nyingi za mahari eneo la Mlima Kenya huonekana vitambaa vile vile vya rangi ya udongo vilivyoshonewa kauri kifuani, awe bibi harusi ni wa Nyeri, Embu au Tigania.

Fundi mwerevu hutazama ukataji. Ngozi haiuzwi kwa mita. Umbo la mnyama ndilo linaloamua upana wa vazi, mishono huwa michache, na kipande kinachobaki kina thamani. Anayebuni vazi la pamba kwa kanuni hiyo, yaani kuanza na kitambaa jinsi kilivyo na kutupa vipande vichache iwezekanavyo, amejifunza kitu kutoka kwa waliomtangulia hata kama hakuweka kauri moja.

Ukishuka kutoka Embu mjini kuelekea Mbeere, au kutoka Meru kuelekea Tharaka, ardhi hukauka na mkonge huanza kuonekana. Huko wanawake husuka viondo. Uzi husokotwa kwa kiganja juu ya paja, na kazi huanzia kitovuni, katikati ya kitako cha kikapu, ikipanuka kwa mzunguko hadi mdomoni. Watu wengi hukitazama kiondo wakaona mistari ya rangi. Kwa mbunifu, mistari si kitu sana ikilinganishwa na ule muundo wa kuanzia nukta moja na kupanuka bila mshono wa ubavuni. Sketi inaweza kujengwa hivyo. Kofia pia, na hata mkono wa koti.

Upande wa Nyambene kuna chanzo ambacho wengi hawakidhanii: miraa. Vijiti hupangwa kwa urefu, vikafungwa mafungu madogo, kisha mafungu hayo yakaviringishwa kwa majani ya mgomba ili unyevu usipotee safarini. Lolote msomaji aliwazalo kuhusu miraa yenyewe, ufungaji wake ni somo la kukunja, kulalia jani juu ya jani na kukaza bila sindano. Lina manufaa kuliko picha ya simba iliyochapishwa kifuani.

Hapa lakini pana mipaka, na mwanafunzi asiyeijua anaweza kujitia matatani. Baraza la wazee wa Njuri Ncheke, ambalo makao yake ya kale yako Nchiru, eneo la Tigania, lina mavazi na alama zake. Joho, kofia ya ngozi, usinga na fimbo si mapambo. Humtambulisha aliyepitia ngazi fulani na kula kiapo. Kumvisha mwanamitindo mavazi hayo jukwaani ni sawa na kumvisha joho la askofu kwa sababu zambarau inapendeza. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko papo hapo Nchiru, kwa hivyo kwa mwanafunzi wa huko kuuliza hakuhitaji safari ndefu.

Pili ni ngozi ya mbega, ambayo zamani ilitumika katika mavazi ya wazee na wachezaji ngoma. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inafanya kuwa kosa kumiliki nyara ya mnyamapori bila kibali, na kisingizio cha mradi wa chuo hakimo ndani yake. Manyoya ya kondoo au ya kiwandani yatatosha.

Tatu ni haki ya jamii. Kifungu cha 11 cha Katiba ya mwaka 2010 kiliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinafidiwa au kulipwa mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ilipitishwa mwaka 2016. Inataka jamii itoe idhini kabla ya urithi wake kutumiwa kibiashara, na inazipa kaunti jukumu la kuweka sajili ya maarifa hayo. Kwa upande mwingine, kazi ya mwanafunzi mwenyewe inaweza kulindwa kama muundo wa viwandani chini ya Sheria ya Miliki ya Viwanda ya mwaka 2001, kwa miaka 5 inayoweza kuongezwa mara mbili, mradi muundo uwe mpya. Usukaji wa kiondo si mpya. Sketi iliyojengwa kwa kanuni ya kiondo yaweza kuwa mpya. Mpaka kati ya viwili hivyo ni mwembamba, na kiondo chenyewe husukwa na Wambeere, Watharaka, Wakamba na Wakikuyu pia, kwa hivyo si rahisi kusema nani atoe idhini.

Wanaodhani kwamba njia ya kukwepa haya yote ni kuchanganya kila jamii kidogo kidogo wakumbuke mwaka 2004. Kenya ilitafuta vazi la taifa kwa udhamini wa kampuni ya Unilever, wabunifu wakachaguliwa, maoni ya wananchi yakakusanywa na mavazi yakazinduliwa kwa shangwe jijini Nairobi. Wananchi hawakuyavaa. Kisa hicho kina sababu nyingi, lakini mojawapo ni kwamba vazi lililokusudiwa kumwakilisha kila mtu halikuwa na mvaaji.

Mvaaji wa Meru na Embu anajulikana. Mchuma chai wa Manyatta, chini ya Mlima Kenya, huamkia baridi na manyunyu. Anahitaji kitambaa kizito na mfuko usioingiza maji. Mfugaji wa Mbeere, safari ya saa moja au mbili tu kutoka hapo, anahitaji pamba nyepesi inayopitisha hewa. Wote wawili wanashindaniwa na mitumba, ambayo katika soko la Gakoromone mjini Meru huuzwa kwa bei ambayo mwanafunzi hawezi kuifikia hata kwa gharama ya kitambaa pekee. Wanafunzi wengine wamegeuza upinzani huo kuwa shule: hununua koti kuukuu, wakalifumua mshono kwa mshono na kuona jinsi kola ilivyokaliwa na bitana ilivyoshikizwa. Kisha hulirudisha upya, mikono ikiwa ya mkonge uliosukwa Tharaka, na katika jalada la mradi huandika jina la aliyeusuka na kiasi alicholipwa.