Mashine Kongwe za Michezo: Kipya Si Lazima Kiwe Bora

Msomaji, utakumbuka santuri za gramafoni. Santuri ikizunguka kwa mwendo pungufu, sauti ya mwimbaji hubadilika, na asiyepata kumsikia kabla hudhani ndivyo alivyoimba. Mambo ni yayo hayo leo kwa michezo ya zamani ya televisheni.

Tuchukue Mega Drive ya kampuni ya Sega, iliyoanza kuuzwa Japani 1988, Marekani 1989 kwa jina la Genesis, na Ulaya 1990. Siku hizi wengi huicheza katika kompyuta, kwa programu inayoiga mashine hiyo. Programu huuliza: waitaka mashine ya nchi gani, ya toleo lipi? Vijana wetu hujibu ovyo, au huchagua toleo la mwisho kwa kudhani kipya ndicho bora. La, sivyo.

Kwanza ni nchi. Mashine za Japani na Marekani zilionyesha picha 60 kwa sekunde. Za Ulaya 50, kama televisheni zetu za zama za analogi. Sonic the Hedgehog wa 1991 ulitungwa kwa mwendo wa 60. Utie katika mashine ya Ulaya, na kila dakika tano za muziki huwa sita. Lakini ipo michezo iliyorekebishwa makusudi kwa Ulaya. Hiyo ukiitia mwendo wa 60 hukimbia kupita kiasi. Basi fuata kaseti ilikotoka.

Pili ni toleo. Mashine za mwanzo zilikuwa na chipu ya sauti YM2612 ya Yamaha, yenye mkwaruzo katika sauti za chini. Nyingi za baadaye zilitumia aina ya YM3438, iliyo safi zaidi. Lakini mtunzi aliyetunga huku akisikiliza ile ya kwanza, mkwaruzo ule ni sehemu ya wimbo wake. Programu ya Genesis Plus GX hukuachia uchague mojawapo.

Tatu ni programu ya kuwashia, iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Mega Drive za baadaye zilitiwa programu ndogo, TMSS, iliyoutaka kila mchezo ujitambulishe kwa herufi nne, S, E, G, A, ndipo uruhusiwe kuendelea. Baadhi ya michezo iliyotengenezwa kabla ya sharti hilo hukwama papo hapo. Hapo kipya ndicho kizuizi! Nayo Mega-CD, kiungo chake cha diski, haiwaki bila bayosi, na bayosi ya Japani haipokei diski ya Ulaya. Kila diski na bayosi ya kwao.

Hapa pana suala la haki. Bayosi hiyo ni mali ya Sega, na ukongwe hauondoi haki ya mwenyewe. Anayetaka kula halali na ainakili kutoka mashine aliyoinunua mwenyewe, si kuiokota popote aionapo.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza, iulize kaseti yako mambo mawili: umetoka wapi, na ulitengenezwa mwaka gani? Majibu hayo ndiyo yakuchagulie mashine. Ukifanya hivyo, mwanao atausikia muziki kama alivyoutunga mtunzi. Usipofanya, atarithi wimbo uliopotoka na kuuita wa asili. Wazee walisema: mwacha asili ni mtumwa.