Robo ya Picha Inayotupwa

Kichekesho cha Marekani kiitwacho I Love Lucy kilianza kurushwa hewani mwaka 1951. Ukikitazama leo kwenye diski ya Blu-ray unaweza kuona hata ufumaji wa kitambaa cha koti. Kisha chukua kipindi kilichorekodiwa studioni miaka ya 1980 kwa kanda ya video, ukiweke kwenye skrini hiyohiyo: nyuso zina ukungu, rangi zinavuja nje ya mipaka yake, maandishi madogo ya ukutani hayasomeki. Kilichotangulia kwa miaka thelathini ndicho kinachoonekana kipya.

Tofauti iko kwenye kile kilichokuwa ndani ya kamera. Lucy alipigwa kwa filamu ya milimita 35, chini ya Karl Freund, mpiga picha aliyekwisha kujijengea jina katika sinema za Ujerumani. Filamu hushika mwanga kwa chembe za chumvi za fedha, nyingi mno na ndogo mno, na negativi moja ya milimita 35 ina undani ambao runinga za zama zile hazikuweza kuuonyesha. Undani huo ulibaki umelala kwenye makopo ukisubiri skrini ya kuustahili. Kanda ya video haina akiba ya namna hiyo, kwa sababu yenyewe huandika mistari tu. Katika mfumo wa PAL, uliotumika Uingereza na kwetu Afrika Mashariki, mistari ilikuwa 625, na 576 kati yake ndiyo iliyobeba picha. Wamarekani na NTSC yao walikuwa na 525, yenye picha ikiwa kama 480. Picha ya PAL ikigeuzwa kuwa ya dijitali hutoa pikseli zipatazo laki 4, ilhali HD kamili inazo zaidi ya milioni 2. Pengo hilo halijazwi kwa kusafisha kanda.

Uingereza kuna mfano ulioletwa na mgogoro wa kazi. Tamthilia ya zamani ya Doctor Who ilirekodiwa zaidi kwa kamera za video studioni, filamu ikitumika hasa kwa matukio ya nje. Mgomo katika studio za BBC ukawalazimu watengenezaji wa hadithi ya Spearhead from Space, iliyorushwa Januari 1970, kupiga kila kitu kwa filamu ya milimita 16. Mwaka 2013 hadithi hiyo ikatolewa kwa HD halisi, iliyotoka kwenye filamu yenyewe. Hadithi zilizoifuata zilirudi kwenye utaratibu wa kawaida wa video, na sehemu zake za studioni zitabaki na mistari ileile ziliyozaliwa nayo.

Kazi kubwa kuliko zote za aina hii ninazozijua ni ya Star Trek: The Next Generation, iliyorushwa kuanzia 1987 hadi 1994. Ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, lakini baada ya kupigwa kila kitu kilihamishiwa kwenye video na kuhaririwa huko, kwani ndiko kulikokuwa na haraka na unafuu kwa tamthilia iliyotoa vipindi kama 26 kwa msimu. Matokeo yake, hakuna mahali palipokuwa na kipindi kizima katika filamu. Palikuwa na maelfu ya mizingo ya negativi, yenye kila marudio ya kila tukio, yaliyofaa na yaliyoharibika.

Timu ya CBS ilitumia kanda ya zamani kama ramani. Iliutafuta kila mkato katika negativi, ikauskani, ikauunga na wenzake, na hivyo ikakijenga upya kipindi kizima. Kisha kingine. Misimu saba yote ikatolewa kati ya 2012 na 2014. Chombo cha angani cha tamthilia hiyo kilikuwa na kazi yake peke yake. Kielelezo chake kilipigwa na kamera iliyoongozwa na kompyuta, ikipita njia ileile mara kadhaa: mara kwa ajili ya bodi, mara kwa ajili ya taa za madirisha, mara kwa ajili ya mng'ao wa injini. Tabaka hizo zilikuwa kwenye filamu, ila zilikuwa zimeunganishwa kwenye video, kwa hiyo zikaunganishwa tena kuanzia mwanzo. Miale ya silaha, iliyochorwa moja kwa moja kwenye video, ikabidi ichorwe upya kwa kufuata ile ya zamani. Vipande vichache vya negativi havikupatikana. Hapo ilibidi picha ya kanda ikuzwe, na mtazamaji makini huona mahali ubora unaposhuka ghafla.

Baada ya jasho lote hilo, picha ikaachwa katika umbo lake la mwanzo, lile la runinga za chogo: sehemu 4 za upana kwa 3 za kimo. Pembeni mwa skrini ya leo pana pazia jeusi kila upande. Kwangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika kazi ile, na ndio ambao wengine wengi wameukwepa.

Umbo la 4 kwa 3 lina umri wa karne na zaidi; lilitoka katika maabara ya Edison, ambako William Dickson alipanga ukubwa wa picha kwenye filamu ya milimita 35. Umbo la leo, 16 kwa 9, lilipendekezwa miaka ya 1980 na mhandisi wa Marekani Kerns Powers, aliyetafuta mstatili mmoja ambao ungezipokea kwa hasara ndogo picha za runinga na zile za sinema pana. Piga hesabu na utaona jambo la ajabu. Picha ya 4 kwa 3 ikiwekwa nzima kwenye skrini ya 16 kwa 9, robo ya skrini hubaki nyeusi. Ikikatwa juu na chini ili ijaze skrini, robo ya picha hutupwa. Kwa hiyo anayekata ananunua robo ya kioo kwa robo ya kazi ya mtu.

Kichekesho cha Seinfeld kilipoingia Netflix mwaka 2021, kiliingia kikiwa kimekatwa. Katika kipindi cha 1997 kiitwacho The Pothole, wahusika Jerry na George wamesimama barabarani wakitazama shimo. Katika toleo lililokatwa wanatazama chini, na shimo halimo kwenye picha. Disney+ nayo ilipozinduliwa mwaka 2019 ilileta misimu ya zamani ya The Simpsons ikiwa imekatwa vivyo hivyo. Kuna tukio kwenye kiwanda cha bia ambamo matangi matatu yana majina matatu, kila moja likijidai kuwa bia tofauti, na utani wote uko juu kwenye bomba moja linaloyajaza yote. Bomba lilikatwa. Ni sawa na fundi aliyekata ukingo wa chini wa kanga ili itoshe meza, jina likaenda na kitambaa kilichotupwa.

Wengine hawakati juu na chini, bali hupanua pembeni. Inawezekana, kwa sababu mara nyingi negativi ilishika eneo pana kuliko lililokusudiwa kuonekana, na mpiga picha alikuwa na mistari kwenye kitafutio chake ya kumwonyesha picha inaishia wapi. Nje ya mistari hiyo ndiko zilikowekwa taa, na ndiko wasaidizi waliposimama. Tamthilia ya Buffy the Vampire Slayer ilipotolewa upya kwa HD mwaka 2014 ikiwa imepanuliwa, vifaa na wafanyakazi wakaonekana pembeni. Zaidi ya hapo, baadhi ya matukio ya usiku yaliyokuwa yametiwa giza katika uhariri wa awali yakatoka meupe kama mchana. Aliyerudi kwenye negativi alisahau kwamba rangi nayo iliamuliwa na mtu, baada ya kamera kuzimwa.

The Wire ni kesi ngumu zaidi, na sitaki kuirahisisha. Tamthilia hiyo ya Baltimore ilipigwa kwa makusudi katika 4 kwa 3, kwa mtindo uliojengwa na Robert Colesberry, aliyefariki mwaka 2004. HBO ilipoanza kuipanua, David Simon, aliyeibuni, aliomba ahusishwe, kisha akaandika waziwazi kwamba baadhi ya matukio yamenufaika na mengine yamepoteza. Ninamheshimu kwa ukweli huo. Hata hivyo Colesberry hakuwapo kusema lake, na fremu zilikuwa zake pia.

Siku hizi kuna njia ya tatu: programu za akili mnemba zinazokuza picha ya kanda hadi ukubwa wa HD. Zinasaidia kupunguza chenga. Lakini undani ambao haukurekodiwa zinaubuni, na ndipo ngozi inapogeuka nta na maandishi ya bango kuwa vikorokoro visivyo herufi za lugha yoyote.

Nasi majumbani tuna dhambi yetu ndogo. Tangu runinga bapa zilipozisukuma nje zile za chogo, na hasa baada ya Tanzania kuanza kuzima mitambo ya analojia Desemba 2012, wengi tumezoea kutazama vipindi vya zamani vikiwa vimevutwa: watu wamenenepa, magurudumu ya gari yamekuwa mayai. Rimoti ina kitufe cha ukubwa wa picha. Chagua 4:3 na gurudumu litarudi kuwa duara.

Disney, kwa upande wake, ililisikia lalamiko kuhusu picha zilizokatwa. Mei 2020 iliwapa watazamaji wa The Simpsons hiari ya kuchagua umbo la awali, na bomba likarudi mahali pake.

Tamthilia ya Babylon 5 ilichukua muda mrefu zaidi kufika hapo. Waigizaji wake walipigwa kwa filamu iliyotosha kupanuliwa, lakini meli zake za angani zilitengenezwa kwa kompyuta katika miaka ya 1990, kwa umbo la 4 kwa 3 na kwa ubora wa video tu. DVD zilipotolewa kwa umbo pana, kila tukio lenye meli lilikatwa na kukuzwa, na picha ikafifia mara tu kombora liliporushwa. Januari 2021 likaja toleo jipya: filamu imeskaniwa upya kwa HD, matukio ya kompyuta yamekuzwa kwa uangalifu, na kila fremu ni 4 kwa 3, tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho.