« Kazi yangu iko mu mulongo »: mulongo gani huo wa ordinateri?

Kuna jamaa za wachimbaji huku kwetu Katanga ambazo ziko na mutoto ao mupwa aliyeenda Bulaya kumalizia masomo: jeolojia, mines, maji ya chini ya ardhi. Anapiga simu siku ya Mungu. Unamuuliza teze inaendelea namna gani, anajibu: « Papa, minatuma kazi tangu juzi, ingali mu mulongo. » Mama anaangalia papa. Mulongo wa nini? Huyu anasoma ao anangoja basi?

Mutoto hakudanganyi. Mulongo uko, na mutu asiyejua kuutumia anaweza kupoteza miezi ya teze yake, na bourse haimungojei mutu.

Tuchukue Ubelgiji, maana ndiko wengi wetu wanaenda. Univerisite 5 za upande wa Kifaransa (Louvain, Bruxelles, Liège, Mons na Namur) ziliungana katika shirika moja linaloitwa CÉCI, ili ordinateri kubwa ya mumoja itumikie watafiti wa wote. Ile ya Liège inaitwa NIC5. Usifikirie mashini moja kubwa sawa konkasere. Ni ordinateri 73 zilizopangwa ndani ya makabati, zinafungwa pamoja na nyaya, na kila moja iko na mioyo 64. « Moyo » ndilo neno la Wafaransa kwa kipande kinachofanya hesabu. Ukipiga 73 mara 64, unapata mioyo 4.672. Ile ya Louvain inaitwa Lemaitre4, kwa jina la padiri Georges Lemaître, mutu wa hesabu za nyota, aliyezaliwa mwaka 1894 Charleroi. Wazee wetu wa mine wanajua jina la Charleroi: ni hapo pembeni, Marcinelle, moto uliua wachimbaji 262 chini ya ardhi mwaka 1956.

Sasa, hakuna mutafiti anayekaa mbele ya NIC5. Kila mumoja yuko fasi yake, anafungua kwenye ordinateri yake ndogo dirisha moja jeusi, bila picha, bila kitu cha kubofya, na anaandika amri kwa klavie. Amri zinapita kwa intaneti mupaka kwenye mulango wa NIC5. Pale mulangoni kuko kapita.

Kapita huyu ni programu, jina lake Slurm. Ilianza kutengenezwa karibu mwaka 2002 katika maabara ya Livermore, California, na inatolewa bure. Kazi yake ni ile ile ya kapita wa posti: anajua nani anataka kufanya nini, vifaa gani viko wazi, na anagawa. Watafiti mamia wanataka mioyo ile ile. Bila kapita, mwenye nguvu angekula yote.

Mutoto wako, tuseme, anafanya hesabu ya maji yanayoingia katika shimo la mine: yanatoka wapi, pompe ngapi zinahitajika mvua ikinyesha. Mutu aliyeona shimo linafurika anajua kwa nini hesabu hiyo iko na maana. Mutoto anaandika fishie ndogo, sawa boni ya magazini. Juu ya boni anasema mambo manne: anataka mioyo ngapi, memware kiasi gani, saa ngapi, na programu gani itumike. Mustari wa saa unaandikwa hivi: #SBATCH --time=08:00:00. Kiisha anapiga amri moja: sbatch kazi.sh. Kapita anamurudishia namba. Kuanzia hapo, ile namba njo jina la kazi yake.

Akitaka kuona mulongo, anaandika squeue --me. Kinatokea kijedwali. Herufi PD maana yake kazi inangoja. R maana yake inatumika. Pembeni kapita anaandika sababu ya kungoja, na sababu hiyo ni ya kusoma vizuri. Resources: vifaa havijatosha bado, uko karibu. Priority: kuko watu mbele yako. Dependency: uliomba mwenyewe ingoje kazi ingine imalizike. Wanafunzi wapya wanaona PD tu, wanaudhika, wanafuta na kutuma tena, na kila mara wanapoteza umri wa mungojo wao. Ni sawa kutoka mu mulongo wa bascule na kurudia nyuma juu ya kuona kama labda utaenda mbio.

Lakini mulongo huu hauendi kwa kufuata tu nani alifika mbele. Hapa njo fasi wachimbaji watafahamu mbio kuliko wasomi.

Tuseme ni saa 9 asubuhi. Kazi moja kubwa iko mbele, inataka ordinateri 10 kwa pamoja. Ziko wazi 7. Zingine 3 zinatumika mupaka saa 14. Ile kubwa haiwezi kuanza na 7, inangoja zote 10. Zile 7 zikae bure saa tano? Kapita mubaya angeziacha. Slurm anaangalia nyuma ya mulongo. Anaona boni ndogo: ordinateri 2, saa 4. Itamaliza saa 13, mbele ya saa 14, haitachelewesha kubwa. Anaipitisha. Boni ya nyuma yake inasema ordinateri 2, saa 6. Hiyo ingemaliza saa 15. Inabaki.

Waingereza na Wamarekani wanaita jambo hili kwa neno lile lile wanalotumia mu mine kwa rambleyage, kujaza utupu ulioachwa na madini yaliyotolewa. Kapita anajaza utupu wa saa na vipande vidogo vinavyoenea. Kama umefanya kazi ya chini, umeelewa.

Na ukiisha kuelewa, unaona kosa la wanafunzi wengi. Hesabu yake inamaliza kwa saa 3, lakini yeye anaandika saa 48, « juu ya usalama ». Saa 48 ni siku 2, kipimo cha mwisho cha NIC5. Kapita hajui moyo wa mutu, anajua boni tu. Anasoma 48, anaona haienei katika utupu wowote, anaiacha. Kijana anangoja siku mbili juu ya kazi ya saa 3, na nyumbani anasema ordinateri ya Wazungu inamubagua. Kuomba saa nyingi kuliko kazi, mbele ya Slurm, ni kujiazibu mwenyewe.

Kuomba kidogo sana ni kubaya zaidi. Ukisema saa 3 na kazi ikataka saa 3 na nusu, saa 3 ikifika kapita anakata. Anakupa sekunde chache za kufunga, kiisha anaua. Hakuna « kapita, dakika kumi tu ». Kwenye daftari kunaandikwa TIMEOUT, na yote ambayo programu haikuweka kwenye diski yanapotea. Kwa memware ni vile vile: ukiomba kidogo na ukapita kipimo, unasoma OUT_OF_MEMORY. Mutu aliyetumika siku mbili akapoteza yote kwa dakika kumi za mwisho anajua uchungu wake. Wachimbaji wanaujua kwa namna ingine, galeri ikianguka kesho ya kufikia mushipa.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza, programu iwe inaandika kwenye diski kila baada ya muda, ili kazi ianzie pale iliishia. Unaweza hata kumuomba kapita apige kengele mbele ya wakati: ukiandika --signal=B:USR1@300, anatuma ishara karibu dakika 5 mbele ya kukata, na boni yako inapata nafasi ya kuweka vitu salama. Ya pili ni kupima. Unatuma kwanza kazi ndogo ya kujaribu, kiisha unauliza daftari kwa amri sacct: ilitumia saa ngapi, memware gani? Unaongeza kidogo juu ya hiyo, na ndicho kipimo unaandika. Saa 3 iliyopimwa inaandikwa saa 4. Nafikiri profesere angepaswa kufundisha jambo hili mbele ya mengine yote, lakini mara nyingi mutoto analijua kwa kuumia.

Inabaki swali ambalo mutu wa huku atauliza bila kuchelewa: madesu ya bana ya kapita ni ngapi? Na nani anapita mbele?

Kapita mwenyewe hakuli. Anafuata kanuni ambayo imeandikwa, na kwenye CÉCI jambo kubwa la kanuni ni kugawana kwa haki. Fikiria likelemba. Aliyekula mwezi huu, mwezi unaofuata anangoja wengine. Slurm anaandika kila moyo na kila saa uliyotumia. Ukiisha kutumia mingi, kazi zako mpya zinashuka. Yule ambaye hakutumia anapanda. Kisha deni lako linapungua siku kwa siku, hata kama hukulipa kitu, maana kapita anasahau polepole. Amri sshare inakuonyesha uko wapi katika likelemba, na sprio inakuonyesha namba za kazi inayongoja: umri wake ngapi, haki yako ngapi. Kila mutu anaweza kuziuliza.

Tuseme na ukweli wa upande mwingine. Mukubwa wa masini anaweza kupandisha kazi ya mutu kwa amri moja. Na kanuni zenyewe zimewekwa na watu: nani apewe akaunti, kazi ndefu ziende wapi. Hercules2 ya Namur, kwa mfano, inakubali kazi za siku 15, ambazo NIC5 inakatalia. Kujua kila mulango unakubali nini ni nusu ya ujanja. Lakini kanuni iliyoandikwa, ambayo mwanafunzi wa kwanza na profesere wanaisoma sawasawa, si kitu kidogo. Ningependa kuona mulongo mumoja wa hivyo pale Kasumbalesa.

Kuna amri za kushika kwa mikono miwili. scancel na namba inaua kazi moja. scancel -u na jina lako inaua zote zako, zinazongoja na zinazotumika, bila kuuliza « uko hakika? ». Ukitaka kuondoa tu zinazongoja, unaongeza --state=PENDING. Kama umeona kosa katika fishie lakini hutaki kufuta, andika scontrol hold na namba; kazi inasimama mu mulongo. Ukiisha kurekebisha data, scontrol release. Angalia tu: boni yenyewe kapita aliisha kuinakili ulipoituma, kwa hiyo kubadilisha fishie ya boni kisha hakubadilishi kitu. Saa unaweza kuzipunguza mwenyewe kwa scontrol update. Kuziongeza, ni mukubwa tu.

Na adabu moja: usifanye hesabu pale mulangoni, kwenye ordinateri ya kuingilia. Pale ni fasi ya kuandika boni, wote wanapita hapo. Mutu akianzisha hesabu nzito mulangoni, ni sawa kupaki bene mbele ya geti ya mine. Wakubwa wataikata, na wataandika barua.

Yule wa hesabu za maji, akitaka kujaribu mvua za namna 100, hatatuma boni 100. Anatuma moja na --array=1-100, kapita anaigawa vipande mia. Vidogo vidogo vile, usiku na siku za mapumziko, vinaingia katika kila utupu. Anaongeza --mail-type=END na analala; barua itamufikia kazi ikiisha.

Si kila mahali utamukuta Slurm. Pale Cape Town, Afrika ya Kusini, ordinateri Lengau, jina la duma kwa Kitswana, iliyofunguliwa mwaka 2016, iliwekewa kapita mwingine, PBS. Huko unaandika qsub kutuma, qstat kuangalia, qdel kufuta. Lugha inabadilika, mulongo ni ule ule, na aliyejifunza mumoja anafahamu mwingine kwa siku mbili.

Kwa hiyo hakuna lazima ya kungoja visa juu ya kujifunza. Slurm ni ya bure na inakubali kuwekwa kwenye ordinateri moja tu yenye Linux, hata ya zamani. Mwanafunzi wa Polytechnique anaweza kuiweka hapa Lubumbashi, akawa yeye mwenyewe mukubwa, kapita na mwenye kungoja, akatuma boni za uongo na za kweli na kuona ipi inapita. Na umeme ukikatika katikati ya hesabu, atajua kama programu yake inaandika kwenye diski ao hapana.